Mgeni wa Jumamosi

3 Machi

Kwa baba yangu,

Shikamoo. Mama hajambo? Na shangazi, magoti bado yanamsumbua? Mimi mzima, ila huku wodini zamu zimetubana, sipati hata siku moja ya kuja nyumbani.

Baba, najua jambo zito hulitaki kwenye simu, unasema simu ni ya watu wenye haraka. Ndiyo maana naandika. Jumamosi atakuja mgeni, kijana. Ana neno la kukuambia, kuhusu mimi na yeye. Nakuomba umsikilize mpaka mwisho, halafu uniandikie jibu lako kwa mkono wako. Nampenda, baba. Lakini bila ridhaa yako siolewi.

Kitindamimba wako


11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, nyumba ndiyo mgonjwa. Simu zote zimekufa, mnara umelala chini, na barua hii namkabidhi dereva wa basi.

Huyo mgeni wako hakutokea! Jumamosi nzima nimekaa na koti langu zuri, akaja fundi wa paa tu, niliyekuwa namngoja tangu Jumatano. Naye kachelewa. Wingu jeusi limeshatanda, redio inapiga kelele za dhoruba, yeye ndiyo kwanza anabisha hodi, viatu vinang'aa. Akafungua mdomo: "Shikamoo mzee, nimekuja..." Nikamwambia najua ulichokuja kufanya, ngazi ile pale, maneno baadaye.

Mwanangu, fundi gani yule! Kapanda ngazi kafumba macho. Halafu akaniomba misumari. Fundi anaomba misumari! Kwa hasira nikampa ya kwangu, ya kugongea soli za viatu vya wateja, midogo kama punje za mchele. Akaipigilia!

Upepo ulipoingia, bati la juu ya kitanda chetu likaenda zake. Basi tukajifungia sebuleni wanne, mimi, mama yako, shangazi yako na huyo balaa, mpaka Jumatatu asubuhi. Kila radi ikipiga shangazi anatuaga: "Haya, kwaherini, tuonane mbinguni." Tumeagwa mara thelathini. Sebule nayo ikaanza kuvuja, fundi akapanda juu ya meza akashikilia turubai kwa mikono miwili, saa nzima, saa mbili, hata kukohoa hakukohoa. Na mama yako sijui kapatwa na nini. Kachinja kuku, paja kampa fundi! Mimi mwenye nyumba nikapewa shingo. Nikimuuliza, anacheka.

Simwachi aondoke mpaka amalize paa. Ajabu yake, halalamiki. Jana kaninyoa nywele, tena vizuri mno, nikamwambia kijana, ungeachana na mabati ukawa kinyozi. Akataka kulia.

Kuhusu mgeni wako: mwanamume anayeogopa mvua hawezi kutunza mke. Jibu langu ni hapana.

Baba yako


14 Machi

Baba,

Shikamoo, tena shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa chini, nikaisoma upya.

Huyo fundi ana kovu dogo juu ya jicho? Ukimwita anaitika "naam, naam" mara mbili? Baba, huyo si fundi. Ni kinyozi. Huyo ndiye mgeni wangu! Ngazi anaiogopa tangu utoto. Kosa ni langu, nilimwambia baba hapendi kukatizwa, akikuagiza jambo lifanye, usibishe. Maskini wa Mungu, kalifanya.

Chakula hakipiti. Nakuomba ufikiri tena, baba yangu.

Mwanao anayengoja jibu


18 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kula.

Juzi alitokea mtu na ngazi yake na boksi la misumari, akasema yeye ndiye fundi. Nikamfukuza, nikamwita tapeli mbele ya majirani. Leo barua yako imefika. Nikatoka nje nayo mkononi. Kijana yuko juu ya paa, kalikumbatia bati. Nikamwambia, shuka baba, shuka taratibu. Mama yako kajishika mbavu kwa kicheko, kumbe alimjua tangu kikombe cha kwanza cha chai! Nimeona aibu, sikufichi. Mara nne alianza, "Mzee, nimekuja..." na mara nne nilimkatiza.

Nikamkalisha kwenye kiti changu. Akasema neno lake lote, mpaka mwisho. Nikamjibu nimesikia, jibu langu nitamwandikia binti yangu, na wewe ndiye utakayelipeleka. Bahasha nimeibandika kwa gundi ya viatu, haifunguki njiani. Kwa hiyo hivi sasa unaposoma, amesimama mbele yako anakukodolea macho, hajui kitu.

Jibu ni ndiyo. Ile hapana nilimwandikia mtu ambaye hata hayupo. Ila usimwambie upesi. Kunja uso, ukune kichwa, vuta pumzi, mwache atoe jasho kwanza.

Baba yenu