Fimbo Ngumu, Mkono wa Polepole

Mpendwa Mama Mshauri, naomba msaada wako kabla sijadungwa sindano kwenye bega lisilouma. Mimi ni fundi saa, mkono wangu ni wa polepole, na kila Jumapili huenda mtoni na shemeji yangu, mpiga lipu, kuvua kwa nzi wa bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya, ambayo haina uzito, kwa hiyo mshipi mzito ndio unaorushwa nyuma kisha mbele ili uipeleke majini. Nilikuwa nikiazima fimbo laini ya kuvulia, hadi mke wangu alipoamua kunizawadia yangu mwenyewe, akaenda dukani na huyo kaka yake, naye akatikisa moja hewani mara mbili, akasema, "Dada, chukua hii, imekaza kama mimi!" Tangu siku hiyo mshipi unaniangukia kichwani kama tambi, ndoana imenasa kofia, miti, na mara moja suruali ya shemeji, ambaye sasa hunisalimu, "Bwana Matawi, leo umevua majani mangapi?", nami kwa aibu nikamwambia mke wangu kwamba bega linauma, kumbe najichimbia shimo, maana mama mkwe amehamia kwetu, anachemsha maji, mke wangu ananikanda asubuhi na jioni, na Alhamisi nimeandikishwa zahanati. Nikisema kweli nitamvunja moyo mke wangu, nikinyamaza nadungwa. Nifanye nini?

Fundi Saa

Mwanangu Fundi Saa,

Pole. Nimecheka, lakini pole. Sasa nisikilize.

Mkeo hakukosea, wala fimbo haina kosa. Aliyekosea ni shemeji yako, aliyechagua kulingana na mkono wake wa haraka, tena kwa kutikisa fimbo tupu. Uzito wa mshipi ndio unaoipinda fimbo. Bila mshipi hujajua lolote. Fimbo ngumu hupinda nchani tu, na humtaka mtu wa mkono wa haraka, anayeusimamisha ghafla. Wewe tafuta inayopinda taratibu hadi karibu na kishikio, ikupe muda wa kuungoja mshipi unyooke nyuma yako. Mkono wa polepole si ugonjwa.

Uongo, huo ndio wako. Mtu mzima unamwachia mama mkwe akeshe jikoni kwa bega zima! Leo hii, si kesho, mwambie mkeo: "Sina maumivu. Niliona aibu. Zawadi yako naipenda, ila haiendani na mkono wangu." Atanuna, mwache anune, umestahili. Kisha mwombe radhi mama yake, umsindikize wewe mwenyewe hadi kwake. Zahanati futa jina lako, kuna wagonjwa wa kweli.

Jumamosi nendeni dukani wewe na mkeo, mkabadilishe fimbo. Beba mshipi wako, omba fimbo tatu, uzijaribu uwanjani, si katikati ya makabati. Wewe rusha, mkeo atazame mshipi unavyonyooka, kisha yeye ndiye aseme ipi. Wenye duka wakikataa kubadilishana, ile ngumu mpeni shemeji. Alijichagulia mwenyewe.