Wote Isipokuwa Mmoja

Jumatatu, 8 Septemba

Nimerudi kazini leo. Likizo ya uzazi, pamoja na miezi niliyoomba kuongezewa, imeisha kama maji kwenye ndoo inayovuja. Mwanangu Bonge nimemwacha na bibi yake, mama mkwe wangu, na wala hakulia. Niliyelia ni mimi, chooni, kidogo tu, kisha nikanawa uso.

Ofisi yetu ya ozoni ni ileile: vyumba viwili, feni moja, kalenda ya mwaka juzi. Mezani nimekuta ripoti ya nchi inanisubiri niichape. Kila mwaka, kabla Septemba haijaisha, kila nchi inaeleza: zile gesi zinazotoboa ozoni tumeingiza kiasi gani, tumepunguza kiasi gani, mafundi gani wamefundishwa. Bosi amesema karibu tena, Mama Bonge, tulikuwa tunachapa kwa kidole kimoja kimoja kama kuku.

Jioni nimemweleza mama mkwe. Alisikiliza vizuri huku akimkanda mtoto miguu.

"Kwa hiyo ni mtihani wa nchi."

Ndiyo, mama, kama hivyo.

"Na sisi tumeshika nafasi ya ngapi?"

Nikamwambia hakuna nafasi, kila nchi inalinganishwa na ilivyokuwa jana. Akaguna. Kwake mtihani usio na wa kwanza wala wa mwisho ni kupotezeana muda.

Jumatano, 10 Septemba

Baba Bonge amefeli.

Ameniambia mwenyewe, akiwa anavua viatu mlangoni. "Mke wangu, umeolewa na mjinga." Nikadhani utani. Nikamtazama shingo — akiwa na jambo, shingo yake inaingia mabegani.

Huyu ni fundi wa friji na viyoyozi tangu kabla sijamjua. Ofisi yetu ndiyo iliyoandaa mafunzo: gesi ya zamani usiiachie hewani, inyonye kwa mashine, iweke mtungini. Ukifuzu unapewa kadi. Kuanzia mwezi ujao, bila kadi duka halikuuzii gesi. Na fundi wa friji asiye na gesi ni mpangusa vumbi. Wenzake wote wa kanda hii wamefuzu. Yeye peke yake amebaki.

Maswali ya kuandika amepata yote. Kilichomwangusha ni psss.

Mafundi wetu wote wana desturi hiyo. Ukifunga mpira wa kupitishia gesi kwenye mtungi, unalegeza nati kidogo, gesi inatoka psss, inasukuma hewa iliyomo. Siku hizi haitakiwi, hewa inavutwa kwa pampu. Lakini mkono wake umezoea. Tena anasema mteja asiposikia psss anaona hajahudumiwa. Kwenye mtihani alifunga mpira, akalegeza nati, psss — na akamtazama msimamizi akitabasamu, kama anavyowatazama wateja. Msimamizi, mama mmoja wanayemwita Madamu, akaweka kalamu chini.

Nimecheka. Sikutaka. Naye akacheka. Halafu hakula.

Atarudia tarehe thelathini. Ni mara moja tu.

Ijumaa, 12 Septemba

Tumeanza mazoezi sebuleni. Mtungi mtupu, mipira, pampu aliyoazima kwa rafiki yake. Mimi nimekaa na Bonge kifuani, nanyonyesha na kusimamia. Kila mkono wake ukienda kwenye nati nasema, wewe. Sipandishi sauti. Wewe. Anaurudisha.

Tatizo ni mtoto. Psss ndicho kitu anachokipenda kuliko vyote duniani. Baba mtu anamfanyia kwa mdomo, anacheka mpaka kwikwi inamshika. Kwa hiyo mwanafunzi wangu akishindwa anashangiliwa.

Nimewatenga. Mtoto chumbani kwa bibi, baba kwenye mtungi. Wote wawili wamenikasirikia.

Jumapili, 14 Septemba

Leo muuza vinywaji baridi wa mtaa wa nyuma aliita fundi, friji lake halipoozi. Nimeenda naye makusudi, Bonge mgongoni.

Alifanya vizuri. Alinyonya gesi yote, akaziba palipovuja, akavuta hewa kwa pampu, akajaza. Kimya kabisa. Nilitamani kumkumbatia hapo hapo kati ya makreti.

Muuza vinywaji kasimama, mikono kiunoni. "Tayari?"

Tayari, dada.

"Mbona gesi haijalia?"

Haitakiwi kulia siku hizi.

"Fundi, mimi sijazaliwa leo. Yule mwenzio wa sokoni yake inalia mpaka naisikia kaunta."

Baba Bonge kanitazama. Nikamwambia yule dada kwamba ile inayolia ndiyo inayopotea, anailipia inaenda juu kutoboa kinachotukinga na jua. Akafikiri. "Sasa mimi nitajuaje amefanya kazi?" Weka mkono ndani, dada, baada ya muda. Akaweka. Akaguna. Akatupa soda ya bure, moja, ya kugawana.

Njiani Baba Bonge amembeba mtoto na mfuko wa vifaa vyote. Hataki niguse kitu.

Jumatano, 24 Septemba

Bonge anaota jino. Hakuna aliyelala. Nimefika ofisini na blauzi imelowa maziwa, nikajifunika faili kifuani kutwa nzima.

Leo nimefika kwenye sehemu ya mafunzo. Bosi aliniandikia sentensi: mafundi wote wa kanda hii wamefuzu. Nikamwendea. Nikamwambia, Bosi, si wote.

"Nani kabaki?"

Unamjua.

Akavua miwani. Ni mtu mwema, ndiyo maana ni vigumu kumkatalia. Akasema Mama Bonge, ni mtu mmoja, tena ni mumeo, tarehe thelathini atafuzu na ripoti inaondoka tarehe thelathini, shida iko wapi? Nikamwambia akifuzu nitaandika wote. Kwa sasa naandika wote isipokuwa mmoja.

"Mke wa namna gani wewe?"

Nikasema mke aliyechoka, Bosi. Sina nguvu ya kukumbuka uongo.

Akacheka, akarudisha miwani. Haya, iache hivyo, tutaifuta siku ya mwisho.

Jioni nikamwambia Baba Bonge mwenyewe kabla hajaisikia kwa watu. Alikuwa anamlisha mtoto uji. Kijiko kikasimama hewani.

"Umeitangazia dunia nzima kwamba nimefeli."

Sikukutaja jina.

"Mtaa mzima unajua huyo mmoja ni nani."

Mtaa hausomi ripoti, nikasema.

"Mimi nimeisoma. Umenisomea sasa hivi."

Bonge akafungua mdomo kudai uji wake.

Alhamisi, 25 Septemba

Amenuna. Amefua nguo zote za mtoto, amezianika, amezikunja kwa saizi. Ndivyo anavyonuna. Mama mkwe kaninong'oneza nisiharakishe kuomba msamaha, bado kuna mapazia ya kufua.

Jumapili, 28 Septemba

Kaleta mtungi sebuleni mwenyewe bila kuambiwa. "Mwalimu, kaa." Nikakaa. Mkono haukwenda kwenye nati hata mara moja. Akaniuliza, kama ungebadilisha ile sentensi, ungenidharau? Nikasema hapana, ningejidharau mimi. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja mpira. Halafu akasema chai yako inapoa.

Nampenda huyu mtu. Naandika hapa kwa sababu kwa mdomo atajivuna.

Jumanne, 30 Septemba

Naandika nikiwa ofisini.

Ripoti inaondoka leo saa kumi. Kila kitu kiko tayari isipokuwa ile sentensi. Bosi kavuta kiti pembeni yangu, anangoja simu kama vile mtihani ni wake.

Simu imeita sasa hivi. Baba Bonge.

"Madamu kasema nimefuzu. Anaandika kadi."

Nikamwonyesha Bosi dole gumba. Akapiga meza kofi, akasogeza kibodi kwake. Lakini Baba Bonge hakuwa amemaliza.

"Mama Bonge. Ilitoka."

Nini ilitoka?

"Mwanzoni, nilipofunga mpira. Kidogo sana. Madamu aligeuka kumjibu mtu mlangoni, hakusikia." Akavuta pumzi. "Ungekuwa wewe ungesikia."

Hakuna kurudia tena. Najua. Anajua. Kesho ni mwezi mpya na duka la gesi. Neno lilikuwa mdomoni — chukua kadi, njoo nyumbani. Sikulitoa. Na lile lingine, rudi ukamwambie, pia sikulitoa. Nimemwambia jana na juzi yale ninayoyaamini, leo sina haki ya kumsukuma wala kumvuta.

"Usikate," kasema.

Sijakata. Simu iko mezani, wazi. Nasikia viatu vyake kwenye kokoto. Bosi ananiuliza, nifute "isipokuwa mmoja"? Nimemwinulia mkono: ngoja.

Mlango. Sauti ya Madamu, kwa mbali: "Umesahau nini, fundi?"

Anakohoa, vile anavyokohoaga kabla ya kumwambia mteja kwamba friji lake halitapona. Nimemwambia Bosi asifute.