Mkojo wa Baiskeli

Mtwara, Jumatano, mwezi wa Novemba. Nimekaa mbali na Usukumani miaka thelathini na tisa na miezi minne. Jua la leo limekaa juu ya bati langu kama mgeni asiyejua kuaga, na jirani anabangua korosho huku akiimba vibaya.

Uamuzi wa kesi ya Kabula umetoka. Nimeusoma mara tatu kwenye simu, kisha nikaenda dukani kuuchapisha, maana mimi ni mtu wa karatasi. Niandike yote sasa, kabla watu wa nyumbani hawajaanza kuyatia chumvi.

Kabula ni mjukuu wa dada yangu Milembe. Amelelewa na bibi yake pale Ngokolo, mjini Shinyanga, na tangu darasa la tano alikuwa akibeba madumu ya maji kwa baiskeli ya marehemu babu yake, miguu ikifika kwenye pedeli kwa shida. Sasa ana miaka ishirini na miwili na anashindana. Mwezi wa Julai aliwaacha wenzake wote kutoka Shinyanga hadi Nyahanga, kule Kahama, akapewa fahali na ahadi ya kuitwa timu ya taifa.

Akapewa na kichupa akakojolee.

Ndani ya kichupa ikakutwa dawa ya kukojosha, ile wanayopewa wenye presha. Michezoni imekatazwa, kwa kuwa hupunguza maji mwilini na huweza kuficha dawa nyingine. Kanuni zake nimezisoma zote, hata maelezo ya chini yenye herufi za kuumiza macho. Kinachokutwa mwilini mwa mwanamichezo ni chake, awe alijua au hakujua. Kusema "sikukusudia" hakutoshi. Lazima aonyeshe dawa ilipitia wapi. Asipoweza, anafungiwa miaka miwili, na timu ya taifa haimngojei mtu miaka miwili.

Alinipigia akilia. "Babu, sijameza hata Panado tangu mwaka jana."

Nilimwamini. Tatizo lilikuwa Ngasa.

Ngasa ni binamu yetu, ana miaka themanini, na katika ujana wake alikuwa manju, kiongozi wa ngoma. Zama zile vikundi viwili vya ngoma vilisimama uwanjani kutwa nzima, na aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Kila manju alikuwa na dawa yake ya kuvuta watu, na hakuna aliyeificha. Kushinda bila dawa ilikuwa aibu, kama kwenda ukweni bila shati. Kwa hiyo Kabula alipovuka mstari pale Nyahanga, Ngasa alisimama mbele ya simu ya mtu asiyemjua akatangaza: "Huyu nimemtengeneza mimi! Dawa ya marehemu baba hii! Hata wangeleta pikipiki!"

Video ilisambaa. Baada ya miezi miwili tukaikuta ndani ya faili, kielelezo namba mbili.

Nilimpigia nikamsihi aseme alikuwa anatania.

"Wewe umekaa na Wamakonde mpaka umelainika," akaniambia. "Unataka nife nikiwa manju asiye na dawa?"

Nikaacha kumsihi, nikaanza kutafuta.

Nina daftari moja ambalo kabla ya kesi hii sikuwahi kumwonyesha mtu. Dada Milembe ana presha mwaka wa sita sasa. Kila mwezi akitoka kliniki hunisomea namba za kadi yake, nami naziandika. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi humpigia na kumuuliza, "Umemeza?" Hujibu, "Nimemeza," kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama amenawa uso. Dawa yake ni ileile iliyokutwa kwenye kichupa. Lakini vidonge vyake hesabu ilikuwa kamili, na Kabula hajawahi kugusa kopo.

Nilipolipitia daftari, niliona kitu ambacho mtu makini angekiona tangu Mei. Presha ya dada haikuwahi kushuka, isipokuwa mara mbili mwaka huu: Machi na Mei. Nikamuuliza Kabula alikuwa wapi miezi hiyo. Kambini.

Mtoto akiondoka, bibi anapona.

Nakiri kwamba kwanza nilidhani ni Kabula anayempandisha bibi yake presha. Nilikuwa tayari nimeandaa na maneno ya kumwonya.

Kisha nikakumbuka kikombe.

Dada hawezi kumeza kidonge. Koo lake limekataa tangu tukiwa watoto, wakati wa kwinini. Hukisaga kwa kijiko, akakikoroga kwenye uji. Na kwetu mtu mzima hamalizi kikombe. Anaacha kidogo chini kwa mtoto anayempenda, na mtoto hayakatai masazo, maana kuyakataa ni kuikataa baraka. Kidonge hicho ni kigumu kuyeyuka. Kinakwenda chini. Miezi na miaka dada yangu amekuwa akinywa uji, na mjukuu akinywa dawa.

"Na asubuhi ya mbio?" nikamuuliza dada.

"Siku hiyo nilimbakizia nusu," akasema. "Alikuwa na safari ndefu."

Kabula anasema kweli alisimama vichakani mara mbili njiani, akadhani ni baridi ya asubuhi. Na bado aliwashinda! Ukweli huu Ngasa ameuweka upande wake.

Kikao kilifanyika wiki iliyopita kwa video. Jopo lilikuwa la watu watatu, na mwenyekiti wao alikuwa mama mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Sisi tulikuwa kwenye visanduku vyetu: mimi Mtwara, kina dada Ngokolo wamebanana mbele ya simu moja, nusu ya kisanduku ikiwa ni kofia ya Ngasa.

Walianza na yeye.

"Mzee, shikamoo. Dawa uliyoisema kwenye video, Kabula aliinywa?"

"Marahaba. Ainywe kwa nini? Manju hanywi ngoma. Nilipaka usukani na mnyororo."

"Kwa hiyo mwilini mwake haikuingia?"

"Mtoto sikumgusa. Kama mna mashaka na dawa yangu, pimeni na mkojo wa baiskeli!"

Mmoja wa wajumbe alizima kamera yake. Mabega yalikuwa yameshaanza kutikisika.

Mwenyekiti hakucheka. Aliandika kitu, akasema kwamba kanuni zao hazihusu dawa ya kupaka chombo. Ngasa akageuka kuwatazama waliokuwa nyuma yake kama mtu aliyepewa leseni ya serikali.

Zamu ya dada ilikuwa ngumu zaidi. Mimi ndiye niliyemwambia lazima aseme, naye siku mbili hakupokea simu yangu. Mwanamke wa miaka themanini na mmoja, aliyezika mume na watoto wawili bila kuomba huruma ya mtu, alitakiwa kuwaeleza wageni kwamba hawezi kumeza kidonge. Alikaa wima akajifunga kitenge upya.

"Mama, ulikuwa ukimwambia kaka yako kwamba umemeza."

"Mdogo wangu huyo, si kaka. Na nilimeza. Ila sikumaliza."

"Hukujua kwamba mjukuu anaweza kupata dawa yako?"

"Mwanangu, nilijua anapata baraka yangu." Kisha akamtazama mwenyekiti ndani ya simu. "Wewe bibi yako alikuwa anamaliza kikombe?"

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akasema tuendelee.

Wakasoma kadi ya kliniki, kisha daftari langu, Machi na Mei. Wakamwita mtaalamu wao, akasema kiasi kidogo kilichokutwa kinalingana na maelezo. Kabula alisema sentensi moja tu: "Nikifungiwa nitavumilia, lakini msiandike kwamba bibi alinidhuru."

Uamuzi wa leo ni huu. Kabula amepewa karipio la maandishi. Hafungiwi hata siku moja, na jina lake linabaki kwa kocha wa taifa. Ushindi wa Julai umefutwa, kwa sababu dawa ilikuwemo mwilini hata kama haikukusudiwa, na fahali arudi. Nimeona ni haki, ingawa si haki tamu. Ngasa amekubali kumswaga fahali mwenyewe, kwa sharti kwamba wote wajue dawa yake haikufutwa, umefutwa uji.

Bibi alishaagizwa na kliniki, tangu siku ya kikao, amalize kikombe chake. Presha yake ya Jumatatu ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Nilipompigia leo asubuhi sikumuuliza kama amemeza. Akajibu hata hivyo.

"Nimemaliza mpaka chini. Kichungu kweli! Kumbe mtoto alikuwa akivumilia haya yote na kusema asante." Kisha akasema, "Sasa masazo hayana mwenyewe. Wewe una presha, hakuna wa kukupima mkojo. Rudi, nikubakizie kama zamani."

Zamani alinibakizia kweli. Ilikuwa kwenye mji wa baba yetu, upande wa Buseresere, kabla wachimbaji hawajaifuata dhahabu hadi chini ya zizi. Pale jikoni aliponipa kikombe sasa ni shimo lililojaa maji. Dada aliolewa Ngokolo. Mimi nilipangiwa kufundisha huku, nikaoa huku, na mke wangu amezikwa hapa nyuma, karibu na mikorosho.

Nilimwambia nitafikiria. Alijua namdanganya, si kama mimi nisiyejua alipokuwa akiniambia "nimemeza" miaka sita.

Nimekunywa uji wangu na kidonge changu, kizima, bila kusaga. Nilipokiweka kikombe mezani nikaona nimeacha kidogo chini, kwa mazoea, na humu ndani hakuna mtoto. Nikakichukua tena, nikamaliza.

Sitarudi.