Daraja Lile Lile

Saint Paul, Novemba. Mwaka wa ishirini na tano tangu tuondoke Uvira, na wa kwanza bila wewe.

Yonasi, ndugu yangu,

Toleo jipya la mchezo wetu wa vita wa televisheni limetoka. Nimesimama mara mbili kabla ya kumaliza sentensi hiyo, nikaenda dirishani, nikarudi. Mkeo, Mama Neema, alilinunua mwenyewe, akaniita nije kwenu Inver Grove Heights, akaniwashia mashine katika chumba chenu cha chini. "Cheza, shemeji," alisema. "Nyumba imenyamaza sana." Ningemkatalia vipi?

Sasa nikupe habari, maana kila mwaka ulizingoja. Ni vita vile vile. Daraja lile lile, na paa lile lile anapojificha mdunguaji. Askari wamevishwa kofia mpya na bunduki zina mlio mzito zaidi. Na mto chini ya daraja bado unatoka baharini kupanda milimani! Matoleo yote hayo, na hakuna hata mmoja wa wanaoutengeneza mchezo huu aliyetazama ramani. Nilipokuonyesha mara ya kwanza ulicheka mpaka chai ikakupalia. "Acha, Mwalimu," ulisema kwa Kiswahili cha kwetu Uvira. "Huu muto ni mukimbizi, unaenda kwenye banaupeleka."

Tulijua hata wakati ule, tukicheza kila Jumamosi, kwamba mchezo umechoka. Uliketi pale bado umevaa fulana ya kazi ya ghala la Shakopee, ukaguna, "Bamebadilisha tu kofia, muzee," kisha ukaanza upya. Kwa hiyo nimekuwa nikijiuliza, Jumamosi baada ya Jumamosi, nikizunguka chumba kile: mchezo ndio uliochakaa, au ni mimi niliyekosa wa kulalamika naye?

Kuna kitu kimoja kilichobadilika. Unakumbuka desturi yako. Askari wa upande wetu akianguka, ulikwenda kusimama kando yake mpaka mwili utoweke. Maiti haiachwi peke yake, ulisema, hata ya kwenye televisheni. Ulipigwa risasi pale pale, kila mara, na vijana tuliocheza nao mtandaoni wakatutukana kwa Kiingereza. Mimi nami nilikuja kusimama juu yako. Nikapigwa. Sidhani kuna wazee walioshindwa kama sisi Minnesota nzima.

Katika toleo hili mwili unatoweka kabla hujaufikia. Nilikimbia, Yonasi. Nilijaribu kila njia ninayoijua. Nafika, naona nyasi tu.

Nikaweka rimoti chini. Nilipanda ngazi kumwambia Mama Neema kwamba siwezi tena, na niliogopa, kwa sababu nilidhani namnyang'anya kelele ya mwisho iliyobaki ya mume wake. Alikuwa anamenya ndizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi. Kisha akasema: "Shemeji, zile risasi sijawahi kuzipenda. Tulizikimbia kule, yeye akaja kuzinunua huku. Nilifikiri wewe ndiye unayezihitaji."

Miaka yote ile, alikuwa akipandisha sauti ya redio jikoni. Sisi tukidhani anapenda muziki!

Tulicheka. Halafu akaacha kucheka, nami nikachukua kisu, nikamalizia ndizi vibaya, maganda yakatoka na nyama yake.

Sijatulia bado. Jumamosi mikono yangu inatafuta kitu cha kushika. Lakini nimepata jibu la swali langu. Mchezo ulichakaa zamani. Ni wewe uliyekuwa mpya kila wiki.

Lala salama, ndugu yangu. Wewe hukuachwa peke yako: hospitalini, kanisani, kaburini, nilisimama mpaka mwisho, na hakuna aliyenipiga risasi. Mama Neema naye hataachwa. Kila Jumamosi nitakuwa jikoni kwake, na chai, na gazeti la kumsomea, sauti ya redio ikiwa chini.

Mashine tumeizima. Kwenye daraja lile sitarudi.

Mwalimu wako