Udongo wa Kilima Umo Ndani ya Oveni

Wilf na Tamsin,

Nimetoka na Beryl, tunapanga viti ukumbini kwa maonyesho ya kesho. Pai iko kwenye friji. Mbwa ameshakula, asiwadanganye.

Oveni MSIIZIME. Moto ni mdogo kwa makusudi.

Sasa Wilf, kaa kwanza. Asubuhi Beryl alikuja na wanakwaya wenzake, jikoni hapakuwa na pa kukanyaga, raha tupu. Nikatia majani kwenye birika, chai haikolei. Nikaongeza, wapi! Nikamwaga kopo zima. Beryl akanywa: "Doreen shoga, chai laini hii! Umehama duka?" Akaomba kikombe cha pili. Ndipo Tamsin akaninong'oneza, "Mama, huo ni udongo wa Baba."

Mume wangu, nani huweka majani ya chai yaliyokwisha tumika ndani ya kopo la chai? Siku zote hizo unayakusanya na kuyakausha, uyamwage yawe udongo juu ya kilima chako cha maboksi ya viatu, vijiaskari vyako vya plastiki ulivyovipaka rangi vipate pa kusimama kesho, na mimi huniambii!

~~Nisamehe.~~ Kosa ni lako.

Lakini sijayatupa. Nimeyachuja, yako kwenye trei humo ovenini. Tamsin, yageuze kila ukipita, na uache kucheka. Wilf, yakikauka, kilima kipake gundi uyanyunyize.

Na kesho jaji wa maonyesho ni Beryl. Akiusifu udongo, sema asante, ufunge mdomo.

Mama mwenye jiko