Salma wa Kisaki Anaumwa

Jumatano, baada ya magharibi

Mdomo wangu huu! Nina miaka thelathini na nne na bado naongea na Salma, rafiki niliyejitungia nikiwa darasa la tatu. Leo nimejisahau, nikamnong'oneza nikiwa kwenye cherehani, na Mama Shani, fundi mwenzangu, akanisikia.

"Rehema, unaongea na nani?"

Nikaogopa ataniona kichaa. Nikasema namwombea dua rafiki yangu Salma wa Kisaki, anaumwa sana.

Nilidhani yameisha. Kufika adhuhuri mafundi wote walikuwa wameshapanga: Jumamosi tunapanda basi la alfajiri, twende tukamjulie hali. Mama Shani keshanunua na machungwa.

"Mgonjwa haachwi peke yake, mwanangu."

Machungwa yenyewe yako hapa mezani, eti nimtunzie mgonjwa wangu.

Nikisema amepona, watataka twende kumpa hongera. Nikisema amekufa na ameshazikwa, watakuja na mikeka yao hapa kwangu kunihani, na safari itakuwa imekwisha.

Ila wakija, najijua. Nitamlilia kweli.