Sahani Iliyotangulia

Kindu, Jumapili

Amenichosha huyu mtoto wa dada yangu, yule wa Lubumbashi. Leo ameandika tena kwenye grupu ya familia, kwenye simu, kwamba wakati wa vita wote walikuwa wezi: askari waliiba, raia nao waliiba, basi ni sawa.

Sawa na nini? Nikamjibu kwamba mimi nilichuma sombe, majani ya muhogo, kwenye shamba la watu ili watoto wangu wale. Askari alichukua mbuzi wangu wa mwisho kwa bunduki. Unatupimaje sisi wawili kwa mizani moja? Ndugu wakanisifu, hata shemeji wa Kampene, ambaye hasifu mtu.

Nikaenda kumsomea mke wangu, kifua mbele. Nikaongeza langu: "Unakumbuka, Mama Feza? Sisi wote tulikuwa tunalala njaa."

Alikuwa anatwanga. Akasimamisha mchi.

"Sisi wote? Baba Feza, sahani yako njo ilikuwa inatangulia. Halafu watoto. Mimi nilikuwa nakunywa maji ya kusuuzia sufuria."

Hakusema kwa hasira. Akaendelea kutwanga.

Nilitaka kumwambia kwamba ndiyo desturi, kila nyumba ilifanya vile, na taabu ni taabu tu. Nikasikia maneno ya yule kijana yakija mdomoni mwangu.

Jioni sahani yangu imekuja ya kwanza, kama miaka yote. Nimeisukuma kwake. Akairudisha: "Kula, itapoa."

Na nimekula.